Kwa Mama Nasra, kabla hamjawasha gari kuja Tanga

Tanga, Jumatano jioni

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu kwako na kwa Baba Nasra. Huku tu wazima, mvua zimekata na machungwa ya Muheza yameanza kujaa kando ya barabara. Umeuliza kama yawezekana mje Jumamosi na kurudi Jumapili mkiwa na Nasra wa miaka mitano na Kassimu wa mwaka na nusu. Yawezekana. Wanaoshindwa ni wale wanaopiga hesabu ya kilometa peke yake. Dar hadi hapa ni kama kilometa 350, mtu anagawa kwa themanini, anajiambia saa nne na nusu keshafika. Hafiki. Vijiji vimefuatana, kila kimoja na kibao chake cha 50, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo hawakai mbali na kibao. Faini ni 30,000 kwa kosa. Wekeni saa sita za kuendesha na saa nzima ya kusimama. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri, mtaingia Tanga saa sita mchana.

Msikubali wazo la kutoka Ijumaa usiku eti watoto walale njiani. Usiku barabara hii ina malori mabovu yaliyoachwa bila taa, na tahadhari pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa juu ya lami. (Mkiyakuta matawi hayo hata mchana, punguzeni mwendo papo hapo.) Alfajiri inawapa faida ileile: watoto wanabebwa na nguo zao za kulalia, wanaendelea na usingizi, na kukipambazuka mnakuwa mmeshafika Bagamoyo.

Naam, Bagamoyo. Kwa kuwa mnakaa Tegeta, njia ya Kibaha na Chalinze haiwahusu. Piteni Bagamoyo, mshike barabara ya lami ya Makofia hadi Msata. Kutoka Bagamoyo mjini ni kilometa 64, na mnatokezea kwenye barabara kuu ya Chalinze–Segera. Mnakuwa mmekwepa malori ya Zambia, Kongo na Rwanda ambayo yote hukusanyika Chalinze. Ubaya wa njia hii ni kwamba kati ya Bagamoyo na Msata pa kusimama ni pachache, kwa hiyo haja ya Nasra imalizwe Bagamoyo hata akisema hana.

Gari likaguliwe Ijumaa, si alfajiri ya safari. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na spea ipimwe pia, maana ndiyo inayosahaulika mpaka siku ya siku. Baba Nasra ajaribu kufungua nati moja ya kila gurudumu kwa spana iliyomo kwenye buti. Nati zilizokazwa kwa mashine gereji mara nyingi hazikubali spana fupi, na jambo hilo ni heri mligundue nyumbani kuliko mkiwa porini Mbwewe. Kulanti aitazame injini ikiwa baridi. Triangle mbili, mtungi wa kuzimia moto, leseni na bima viwe karibu. Gari lenu la cc 1,500 likiwa limepakia na kiyoyozi kinafanya kazi, wekeni lita moja kwa kilometa 13, yaani kama lita 27 kuja. Jazeni tangi Dar, mjaze tena hapa Jumamosi jioni ili Jumapili msipange foleni ya mafuta mkiwa na watoto.

Sasa viti, na hapa nitakuwa mkali. Kassimu asipakatwe. Gari likigonga hata kwa mwendo wa 50, hakuna mikono ya mama inayoweza kumshika. Kiti chake kifungwe nyuma, na kama uzito na urefu wake bado umo katika kipimo cha kibandiko cha kiti, aendelee kuelekea nyuma ya gari. Ukishakifunga, kishike pale mkanda unapopita ukitikise: kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, bado. Panda goti juu yake, vuta mkanda, rudia. Mikanda yake ya mabegani ibane kiasi kwamba vidole viwili haviwezi kufinya mkunjo penye mfupa wa bega. Mkinunua kiti cha mtumba, tazameni chini yake kuna tarehe ya mwisho wa matumizi imechapwa kwenye plastiki, na chenye ufa hata mkipewa bure msikichukue. Nasra anahitaji kile kiti cha kumnyanyua ili mkanda upite katikati ya bega na juu ya nyonga. Ukimpita shingoni ataupitisha chini ya kwapa, na hapo huwa hauna kazi.

Mkae vipi? Kassimu kushoto. Asubuhi mnaelekea kaskazini, jua linapiga dirisha la kulia, yeye anabaki kivulini. Tena mkisimama kando ya barabara, mlango wa kushoto ndio unaofungukia upande wa majani. Nasra mwekeni katikati kama mkanda wa pale ni wa kupita begani. Kama ni wa kiunoni tu, akae kulia na mtundike kitambaa dirishani. Na kile kikufuli kidogo kilichopo ubavuni mwa mlango wa nyuma kifungwe milango yote miwili.

Kutapika ni kwa Nasra zaidi kuliko kwa mdogo wake, umri wake ndio wenyewe. Sikio la ndani linahisi gari linakwenda, macho yako kwenye katuni ya simu yanasema tumetulia, na tumbo ndilo linalolipa. Kwa hiyo simu isitolewe kabisa gari likiwa linatembea. Atazame mbele, ahesabu malori, ahesabu mbuzi. Asiondoke na tumbo tupu, wala asijazwe maziwa na chapati za mafuta: kipande cha mkate mkavu na nusu ndizi vinatosha mpaka Msata. Akinyamaza ghafla, akawa anapiga miayo na midomo imepauka, mna dakika chache tu. Fungueni dirisha, tafuteni pa kusimama. Mifuko minne isiyotoboka, taulo dogo, nguo za kubadili za kila mtoto na blauzi yako moja viwe miguuni pako. Vikiwa kwenye buti chini ya mabegi havitasaidia. Dawa za kichefuchefu za watu wazima msimkatie nusu. Mkiona lazima, muulizeni mfamasia kabla ya Jumamosi, na Kassimu asipewe bila daktari.

Vituo vyenu ni vitatu. Msata kama saa moja asubuhi, hapo wanabadilishwa nguo na kunywa uji wa chupa ya chai. Mkata kabla ya saa tatu, dakika kumi na tano za kukimbia na kurukaruka, maana bila hizo Kassimu atalia mpaka Kabuku. Segera saa nne, penye migahawa mikubwa ya mabasi yenye vyoo. Tembeeni na sabuni na karatasi zenu. Katikati ya hapo Nasra akisema "sasa hivi", ndiyo sasa hivi: poti lake, khanga ya kukinga, mchimbe dawa upande wa kushoto, mbali na lami, taa za tahadhari zikiwaka. Chakula cha gari kiwe kikavu: mayai ya kuchemsha ya asubuhi ileile, maandazi, ndizi, karanga kwa wakubwa tu, kwani Kassimu zitamkaba. Maji lita sita kwa wote wanne. Wali usibebe. Ukikaa ndani ya gari lenye joto zaidi ya saa mbili unaweza kuwaumiza matumbo hata kama hauna harufu.

Njia yenyewe haina vitimbi sana. Wami kuna daraja jipya, lile jembamba la zamani la kupitana gari mojamoja limeachwa. Mwambie Baba Nasra atupie macho sindano ya joto kwenye vilima vya bonde lile. Ikipanda, azime kiyoyozi, apunguze mwendo, na rejeta isifunguliwe kabla haijapoa. Segera mnakata kulia, kushoto ni Korogwe na Arusha. Zimebaki kama kilometa 70. Muheza watawagongea vioo kwa machungwa: msiyadharau kwa ukijani wake. Ganda la chungwa linahitaji usiku wa baridi ili lipoteze ukijani, na huku usiku hauna baridi, basi linaiva ndani likiwa kijani nje. Chagua lililo zito kwa ukubwa wake. Ila nunueni mkirudi, si mkija, msije mkayasafirisha bure.

Kuhusu mtakachofanya Tanga, kwanza mtazame mwezi. Sisemi mzaha. Pwani yetu, siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa karibu saa kumi alasiri na kupwa karibu saa nne asubuhi. Kila siku inachelewa kama dakika 50. Wiki moja baadaye mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: maji yanajaa saa nne au saa tano asubuhi na alasiri yamepwa, ingawa siku hizo, tunazoziita za maji mafu, hayaendi mbali. Raskazoni kwenye klabu za kuogelea kuna ngazi za kushukia majini, mnalipa kiingilio mlangoni. Maji yakiwa yamejaa ni raha tupu. Yakipwa kwa bamvua, ngazi zinaishia kwenye mawe, tope na vitu vya miiba, na mtakuwa mmelipa kutazama meli. Kwa hiyo mkija wiki ya bamvua, Jumamosi mle, mlale mpaka saa tisa, saa kumi mko baharini, na Jumapili asubuhi ni mapango ya Amboni. Mkija mwezi ukiwa nusu, geuzeni: Amboni Jumamosi alasiri, bahari Jumapili saa tatu. Vyote viwili siku moja, hapana. Kassimu hataweza na wewe pia. Maboya ya kujaza upepo ni ya kuchezea tu. Mtoto majini awe mahali mkono wako unamfikia bila kupiga hatua.

Mapango ya Amboni ni kilometa nane kutoka mjini, barabara ya Horohoro. Mnaingia na mwongozaji. Ndani kuna giza, kuna popo, na kuna sehemu mtu mzima anapita ameinama. Kassimu umbebe kifuani, si mgongoni, kwa sababu ukiinama kichwa chake ndicho kinachokutana na jiwe nawe humwoni. Viatu vya kushika, si ndala. Tochi mbili za kweli, kwani mwenye simu mkononi anakosa mkono wa kujishikilia. Mwambieni mwongozaji mapema kwamba mna watoto, awapitishe njia fupi na asizime tochi kuonyesha giza. Nasra atahadithiwa tundu linalofika Mombasa na atataka kulifuata. Kama ana pumu inayomsumbua siku hizo, abaki nje na mmoja wenu, vumbi la kinyesi cha popo si zuri kwa kifua chake.

Jioni mpelekeni Bustani ya Jamhuri waone bandari, halafu mihogo na mishikaki ya Ngamiani. Ngamiani barabara zina namba, hampotei, lakini endesheni polepole mno: Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli nyingi hazina taa.

Nyumba ya wageni ulizeni kwa simu kabla ya kulipa: chandarua kinafika godoro lote? Kuna jenereta umeme ukikatika? Chumba kiko mbali na stendi? Raskazoni ni kimya zaidi, ndiko ningewapeleka. Chandarua kidogo cha kukunja cha Kassimu kije hata wakisema wanacho.

Kurudi, mwisho wa kuondoka ni saa tano asubuhi. Mkichelewa zaidi, Bagamoyo mtaikuta jioni pamoja na watu wote wa ufukweni wanaorudi mjini, na kutoka Bunju hadi kwenu Tegeta mtatambaa watoto wakilia. Ningekuwa mimi, wiki ya bahari ya asubuhi ningewatoa majini saa nne kamili, wapende wasipende, nioge nao maji baridi na tuondoke na nywele mbichi.

Mkija, mkipita Pongwe nibipu, samaki nitakuwa nimeshamkoleza ndimu, nitamtia kwenye mafuta hapo hapo. Kassimu nitamchambulia wake wa nyama nyeupe usio na miiba.

Wako,
Mama Twaha