Kabla hujaiuza Surf yako

Tanga, Jumapili jioni

Ndugu yangu Rama,

Salaam. Huku wote wazima, mama kikohozi kimemwacha na anauliza lini utamletea matunda damu ya Lushoto. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema fundi ameona kutu chini ya Toyota Surf yako, amekutia hofu, na ushauri wake ni uiuze haraka kabla watu hawajajua. Nakuandikia kwa kirefu maana kwenye simu ungenikatiza katikati, nakujua.

Unakumbuka nilivyokuwa nachukua samaki Pangani nawapeleka Korogwe kwa Surf yangu? Barafu inayeyuka, yale maji ya chumvi yanapenya kwenye matundu ya sakafu na kudondokea chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Nikirudi naosha bodi, inang'aa, watu wananisifu. Chini sikuwahi kuinama. Na chesisi ya Surf ni kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope likishaziba vile vitundu vya kutolea maji, chumvi inalala humo mwaka mzima, na kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Kwa nje rangi ipo, nyuma yake chuma kimebaki ganda la yai.

Dalili hata sikuiona mimi. Nilisimama sheli, kijana wa bodaboda aliyekuwa nyuma yangu akaja anacheka: "Mzee, gari lako linatembea kama kaa." Nikadhani utani. Kabla ya hapo nilikuwa nasikia "ko!" kila nikikanyaga breki. Gereji ya kwanza ikabadilisha shokapu, ikabadilisha bushi (vile vipira vya kwenye maungio), hela ikaenda, "ko" ikabaki. Siku hiyo nikachukua futi kamba nikapima kutoka kitovu cha tairi ya mbele hadi cha nyuma. Kulia milimita 2,675, kama ilivyotoka kiwandani. Kushoto ilikuwa pungufu kwa karibu sentimita 2.

Difu ya nyuma ya Surf zetu, yaani ekseli yenye tairi za nyuma, imeshikwa na vyuma vitano: mikono miwili chini, miwili juu, na chuma kimoja kinachokatiza upande hadi upande. Springi zenyewe zinabeba uzito tu. Kinachozuia difu isiende mbele wala nyuma ni ile mikono, na mikono imefungwa kwenye vishikio vilivyochomelewa kwenye chesisi. Kishikio changu cha chini kushoto kilikuwa kimechanika pamoja na kipande cha chesisi, bolti nzima, bushi mpya kabisa, vyote vinaning'inia kwenye kutu. Nilikaa chini ya gari pale kwa muda nikiwaza mteremko wa Lushoto kwenda Mombo niliouteremka mwezi uliopita na watoto wa dada.

Fundi mmoja akaja na kipande cha bati la pipa na kopo la puti, ule udongo wa kuzibia mabonde kabla ya rangi. Nikamwuliza, puti inabeba difu? Akanuna. Nikahamia kwa mwingine, mzee anayechomelea matela ya malori, na huyo alinifundisha mengi kuliko nilivyotaka kujua. Kwanza alishusha tangi la mafuta na kutoa waya wa hasi wa betri. Kisha tukaivuta difu mpaka vipimo vikalingana pande zote, akaishikiza kwa chuma cha muda, ndipo akawasha grenda. Ukikata kabla ya kushikiza, umepoteza kipimo, na utalipia tairi maisha yako yote. Alikata mpaka akakuta chuma cheupe. Shimo nililodhani la kiganja likawa la urefu wa mkono! Akaweka pleti ya milimita 4, ncha zake akazikata mshazari, maana weldi iliyokatiza chesisi wima ndiyo inayoanza kupasuka. Alichomelea vipande vifupi vifupi, akiacha chuma kipoe.

Siku mbili, laki nne na nusu. Juu tukapaka praima ya zinki na rangi, na ndani ya chesisi tukapuliza grisi iliyoyeyushwa. Oili chafu aliikataa: inachuruzika yote, na ikigusa mpira wa bushi inauharibu.

Sasa yako. Samaki hujabeba, lakini uliniambia iliagizwa kutoka Hokkaido, kaskazini mwa Japani. Huko wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, kwa hiyo gari lako lilikula chumvi kabla halijaiona meli. Chukua nyundo ndogo na bisibisi, inyanyue kwa jeki, weka stendi (tafadhali, siyo mawe), ulale chini. Anza pale chesisi inapopinda kupita juu ya difu, halafu vishikio vya mikono ya chini, halafu vikombe vya springi. Gonga. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu "pu" kama papai. Penye "pu" kandamiza bisibisi. Wekundu wa juu juu usikutishe, huo ni brashi ya waya na rangi.

Bisibisi ikizama kwenye kishikio kimoja tu, tengeneza, gari hilo litaishi kuliko wewe. Ikizama kulia na kushoto palepale chesisi inapopinda, mimi nisingechomelea. Hapo ni chesisi nyingine, na namba ya gari imegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo itabidi uende TRA, wanaosajili magari, kwanza kabla ya kununua chochote. Piga hesabu ya usumbufu huo pia.

Na kuiuza kimya kimya, hapana Rama. Mnunuzi atakuwa mtu wa hukohuko milimani, atapakia mkewe na magunia ya viazi, atashuka kona zilezile. Ukiuza, mlaze chini mnunuzi naye agonge.

Nyundo ya kichwa kidogo unayo, ni ile yangu uliyoazima wakati wa msiba wa babu yako na hujairudisha. Gonga Jumamosi, kisha nipigie uniambie imelia vipi. Ukishaitumia, ije na hayo matunda damu ya mama.

Wako,
Sefu