Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Wanachuo Wetu Wanaamini Nini Kuhusu Kujifunza Kiingereza

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi ataeleza mweka hazina, na majina ya wanachama wapya mnayo kwenye makabrasha. Mimi naomba muda wenu kwa jambo moja lililotushughulisha mwaka mzima, yaani imani walizonazo wanachuo wetu kuhusu kujifunza Kiingereza.

Mtakumbuka tulichukua hojaji iliyotungwa miaka ya 1980 na Elaine Horwitz wa Chuo Kikuu cha Texas, Marekani. Mjibuji anapewa kauli, naye anachagua kuanzia "nakubali kabisa" mpaka "nakataa kabisa". Kauli mojawapo inasema usiseme kitu kwa lugha ya kigeni mpaka uweze kukisema kwa usahihi. Kuna pia swali la muda: mtu akijifunza lugha saa moja kila siku, itamchukua miaka mingapi kuiongea vizuri?

Tulianza kwa kukosea, na kosa ni la uongozi. Tuliigawa kwa Kiingereza. Fomu zikarudi na vema zimejazana safu ya katikati, ile ya asiyekubali wala kukataa, nasi tukadhani vijana hawana msimamo. Tulipoitafsiri na kuigawa upya kwa Kiswahili, vijana wale wale walichagua bila kusita, na wengine wakaandika maelezo hadi nyuma ya karatasi.

Wengi wanaamini Kiingereza ni kipaji, au ni mali ya waliosoma ingilishi midiamu. Wanaamini pia kwamba ukishaijua sarufi, kuongea kutakuja kwenyewe. Binti mmoja wa stashahada ya uhasibu alinionyesha kaunta buku lake. Ukurasa baada ya ukurasa ni vitenzi, go, went, gone, katika safu tatu zilizochorwa kwa rula na kalamu nyekundu. Sikuona kosa hata moja. Nikamwomba anieleze kwa Kiingereza jana alikwenda wapi. Akainama, akafunga daftari. "Madam, nikichapia watanicheka." Na went ilikuwemo mle ndani, tena imepigiwa mstari.

Hofu hiyo haikuanzia chuoni. Baadhi waliandika kwamba shuleni walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Wengi walisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza wakakuta baiolojia na historia kwa Kiingereza. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu ya Tanzania, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Kijana aliyepita njia hiyo akiniambia Kiingereza ndiyo elimu yenyewe, simlaumu. Ila siwezi kumwacha na imani hiyo, maana inamfunga mdomo.

Nasi walimu tuna imani zetu. Mwaka huu tumekaa nyuma ya madarasa ya wenzetu, nao wakakaa nyuma ya yetu. Mwanafunzi anaanza, "Yesterday I go...", mwalimu anamkata kabla hajatufikisha huko sokoni alikokuwa anatupeleka. Mimi mwenyewe nilikutwa nikifanya hivyo mara mbili katika kipindi kimoja, na iliniuma kusomewa aliyoyaandika mwenzangu. Darasa zima linajifunza hapo kwamba aliyenyamaza amesalimika.

Wapo kati yenu waliosema kosa likiachwa linaota mizizi. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatukuipuuza. Tulikubaliana kwamba mwalimu aliandike kosa kando, amsikilize mwanafunzi hadi mwisho, kisha walirudie pamoja. Waliojaribu wanasema ugumu mkubwa ni kujizuia wao wenyewe.

Mwaka ujao hojaji itajazwa wiki ya kwanza ya muhula na kurudiwa mwishoni, ili tuone nani amebadili mawazo na kwa nini. Vikundi vya mazungumzo navyo vitaendelea, mada ikijadiliwa kwanza kwa Kiswahili ndipo ije kwa Kiingereza, maana asiye na la kusema hana pa kuanzia katika lugha yoyote.

Fomu za Kiswahili ziko kwa katibu. Naomba kila tawi lichukue zake kabla hatujatawanyika leo.