Barua kwa mwalimu mwenzangu kuhusu roboti ya sakafuni

Mikindani,
Mtwara.

Mpendwa Somoe,

Salamu nyingi zikufikie huko Nachingwea, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako niliipata, na swali lako, kama inafaa kuwafundisha watoto wa darasa la pili kupanga programu, yaani kuipa mashine maagizo kwa mpangilio, wakati shule haina kompyuta hata moja, limenikaa moyoni, kwa sababu nami nilianza na shaka hiyohiyo.

Roboti tuliyoazimwa ni Bee-Bot, yenye umbo la nyuki, nayo haihitaji kompyuta wala intaneti. Mgongoni ina vitufe vya mbele, nyuma, kulia na kushoto, pamoja na cha kuanzisha safari na cha kufuta. Kila agizo la mbele huisogeza sentimita 15, na kila agizo la kugeuka huizungusha nyuzi 90 palepale iliposimama. Nilichora sakafuni miraba ya sentimita 15 kwa chaki, mmoja nikauita ghala la korosho na mwingine bandari, kisha nikawaambia watoto waipeleke roboti kutoka ghalani hadi bandarini.

Ugumu wote ulikuwa katika hilo neno "palepale". Njia yenyewe ilikuwa miraba miwili mbele, kugeuka kulia, halafu mitatu mbele. Karibu kila kundi liliandika mbele mara mbili, kulia, mbele mara mbili, na roboti ikasimama mraba mmoja kabla ya bandari, kwa kuwa watoto walidhani kugeuka kulia ni kuingia katika mraba wa kulia. Nusura niwasahihishe. Nilijizuia, tukatoka uwanjani, nikachora mchangani miraba mikubwa, nikamwomba msichana mmoja ayatii maagizo yale yale kama yalivyoandikwa. Alipofika kwenye "kulia" aligeuka, akaitazama miguu yake, akasema, "Mwalimu, mbona bado nipo hapahapa?" Wenzake walikimbilia daftari kuongeza agizo lililopungua, nami sikuwa nimeeleza lolote.

Kosa la pili lilitoka katika lugha yetu wenyewe. Tumewazoesha watoto kwamba mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula, lakini roboti ikiwaelekea, kulia kwake huwa kushoto kwao, na mtoto mmoja akauliza, "Kulia kwa nani?" Naliona swali hilo kuwa zito kuliko yote niliyoulizwa muhula huu. Sasa kila mtoto husimama kwanza nyuma ya roboti kabla ya kubonyeza.

Nimesoma kwamba Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria aliyefanya kazi kule Geneva na Jean Piaget, mtafiti wa jinsi watoto wanavyofikiri, alishirikiana na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon kuunda Logo, lugha ya kuiagiza kompyuta, nchini Marekani mwaka 1967, ambayo baadaye ilitumika kuongoza roboti ya sakafuni iliyoitwa kobe. Mtoto akikwama, Papert alimtaka ajifanye kobe na kuitembea njia hiyo kwa miguu yake. Nilifurahi mno kuyasoma hayo, Somoe, kwa maana mchanga na miguu tunavyo.

Ukipata roboti ya aina hii, ujue tu kwamba haisahau maagizo ya kundi lililotangulia mpaka kitufe cha kufuta kibonyezwe. Kundi letu la pili lilihuzunika likidhani roboti imewakataa.

Kwa hiyo usisubiri kifaa. Anza na chaki, uwanja na mtoto mmoja wa kuyatii maagizo ya wenzake, nami likizo ya Juni nitaomba ruhusa nije na roboti yetu. Nakusihi usiwafutie maagizo waliyoyakosea. Yanakili kama walivyoyaandika, uniwekee, tuyasome pamoja nitakapofika.

Rafiki yako akupendaye,
Zainabu