Njia pana ya Elgon si ya binadamu

Mhariri,

Wageni wengi wanaokwenda Makingeny, lile pango la Mlima Elgon ambalo maji huporomoka mbele ya mlango wake, huingia kupitia lango la hifadhi la Chorlim wakidhani kazi yao ni kufuata njia iliyo wazi tu. Hapo ndipo wanapopotea. Katika msitu huu njia pana iliyokanyagwa ikawa ngumu mara nyingi ni ya ndovu au nyati. Ndovu wa Elgon huingia mapangoni usiku kuchimba mwamba wenye chumvi kwa pembe zao, kwa hiyo kadiri unavyokaribia pango ndivyo vijia vyao vinavyozidi kukutana na kuachana. Alama zinahitajika zaidi katika kipande hicho cha mwisho kuliko langoni.

Anayejua kutazama hupata dalili. Tawi lililokatwa kwa panga huacha kidonda kilichonyooka; lililovunjwa na ndovu huchanika, nyuzi za gome zikaning'inia. Tope lililopakwa kwenye shina juu ya kimo cha mtu ni la ndovu aliyejikuna. Ukiona kinyesi kibichi, usisonge mbele. Rudi polepole ulikotoka, bila kelele.

Tunaomba alama za njia zichorwe upya, na zichorwe kwa akili. Nguzo ya mbao ndovu huisukuma ikaanguka. Mawe yaliyopakwa rangi humezwa na nyasi mvua za masika zikishanyesha. Rangi kwenye shina la mti mkubwa, usawa wa macho, ndiyo hudumu, mradi usichague mti unaobambuka gome. Alama iwe pande zote mbili za shina. Njia nyingi huchorwa kwa ajili ya anayekwenda pekee, ilhali watu hupotea wakati wa kurudi, wamechoka na ukungu umeshuka.

Mpaka hilo lifanyike, usiende bila askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka mjini, lakini usiitegemee bondeni, maana chini ya miti mirefu na kuta za mwamba huweza kukuonyesha mahali usipo. Kwenye kila njia panda geuka, upige picha ya njia uliyotoka, kwa sababu ukirudi utaiona kwa upande huo. Anza asubuhi na mapema. Mchana mawingu hujikusanya, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni na kijito hujaa. Usisimame chini kabisa ya ukingo maji yanapoangukia. Mawe hung'oka pamoja nayo.

Kuhusu kuingia ndani, maoni yetu ni kwamba Makingeny hutazamika vizuri kutoka mlangoni, na inatosha. Mwamba wa Elgon ni majivu ya volkano yaliyogandamana, na vipande vya dari huanguka. Kitum, pango jirani linaloingia mlimani takriban mita 200, lina ufa mrefu ambamo ndama wa ndovu wamewahi kutumbukia wakafa. Tena kuna popo. Watu wawili waliougua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mmoja mwaka wa 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamezuru Kitum kabla ya kuugua, na popo wala matunda wa aina inayoishi humo hubeba virusi hivyo.

Anayesisitiza kuingia avae buti, mikono mirefu, glavu na barakoa ya N95, abebe tochi mbili, asishike kuta wala kula chochote ndani. Akitoka, aoshe buti kwa maji yenye klorini kabla ya kupanda gari. Na akipata homa ndani ya siku 21, amwambie daktari mara moja kwamba aliingia pangoni, kwa sababu dalili za mwanzo hufanana na za malaria na asiposema atapewa dawa ya malaria arudishwe nyumbani kwa watu wake.

Wapanda milima,
Kitale