Mtoto aulizwe kwa lugha yake jamani

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mwezi uliopita nilimsindikiza mtoto wa jirani dawati la jinsia na watoto la polisi, sitasema kituo gani, yule binti kaletwa Dar kutoka Usukumani hana hata miezi mitatu na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Afande alikuwa mpole kweli, ila akamuuliza, "Je, umewahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia?" Mtoto akaitikia ndiyo. Akamuuliza tena, "Au hujafanyiwa?" Akaitikia ndiyo vilevile huku anavuta uzi wa gauni lake. Sasa hapo unaandika nini kwenye maelezo?

Kilichoniuma zaidi, mkalimani akawa mjomba wake wa nyumba ileile anayoishi. Mtoto ataongea nini mbele ya mjomba? Hata angekuwa mtu safi kabisa, ni aibu, na watoto wetu wakizidiwa na aibu wanasema tu "alinifanyia tabia mbaya", mtu asiyejua anadhani ni utundu.

Sheria ya Mtoto ipo tangu 2009, namba 116 ya kupiga simu kuomba msaada wa mtoto ipo, lakini msaada unaanzia kwenye kueleweka. Ustawi wa jamii waweke orodha ya wakalimani wasio ndugu, Msukuma, Mmakonde, Mmasai, hata mtu wa lugha ya alama, wapigiwe simu kabla mtoto hajaulizwa chochote, na wamwache asimulie mwenyewe, sio kumpa maswali ya ndiyo na hapana.

Mama wa watatu,
Dar es Salaam