Fundi wa Sheki hufanya kazi mbele ya wageni, wa Lamu je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie milango yetu ya nakshi, ingawa chanzo cha maneno yangu kiko mbali na pwani hii. Mwanangu anasoma Baku, mji mkuu wa Azerbaijani, na nilipomzuru mwaka huu alinipeleka Sheki, mji mkongwe ulio kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo, chini ya milima ya Kaukazi, mwendo wa kilomita zinazokaribia 300 kwa barabara.

Mji huo si ule wa asili. Mwaka 1772 mto Kish ulifurika ukauangamiza mji wa awali, na watu wakahamia mahali pa juu zaidi, wakajenga nyumba za mapaa marefu ya vigae zenye bustani uani. Utajiri wao ulikuwa hariri. Nyumba kubwa zilizojengwa kupokea misafara ya wafanyabiashara bado zimesimama, na moja yao hulaza wageni hadi leo. Chakula chao, piti, ni nyama ya kondoo na dengu iliyopikwa katika chungu kidogo cha udongo, kila mlaji na chungu chake. Mchuzi hunywewa kwanza kwa mkate, nyama ikafuata. Nilikula mara mbili kwa siku moja, na sijutii.

Lakini lililonikaa moyoni ni madirisha ya Kasri la Khan, yaani mtawala wa zamani wa Sheki, lililojengwa mwaka 1797. Madirisha hayo huitwa shebeke, neno lililotoka Kiarabu na lenye asili moja na shubaka letu. Fundi huchonga vijiti vidogo vya mbao, akavitia mfereji ubavuni, akaingiza vipande vya kioo cha rangi, kisha akavifungamanisha kijiti kwa kijiti bila msumari wala gundi. Jua likipiga, sakafu nzima hugeuka nyekundu, buluu na manjano.

Ndani ya kuta za ngome inayozunguka kasri hilo, hatua chache kutoka kasrini, ipo karakana ya shebeke. Mzee mmoja alinikabidhi vijiti vitano na vipande vya kioo akaniashiria nivifunge mwenyewe. Nilihangaika hadi kijana anayejifunza kwake, ambaye hata ndevu hajaota, akashindwa kuzuia kicheko, akanyoosha mkono na kuvifunga kwa mikupuo mitatu. Nilitoka pale nikiwa nimeielewa kasri kuliko nilivyoielewa nilipokuwa ndani yake, tena nimenunua kipande cha ukubwa wa kiganja kwa bei ambayo sikuipigania.

Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Sheki mwaka 2019, kwa hiyo katika jambo hili sisi ndio wakubwa wao. Mafundi wa nakshi tunao, na wengine ni hodari kweli kweli. Ila wengi wao wamejibanza vichochoroni, ambako mgeni hupita, akapiga picha, akauliza bei ya sanduku, akaenda zake bila kushika patasi wala kuelezwa kwa nini mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ndio hubeba nakshi nzito. Huku nyuma, mtaani kwetu Langoni, nimeona mlango wa babu wa watu ukiuzwa na kuwekwa wa chuma mahali pake, kwa kuwa warithi hawakupata wa kuutengeneza kwa bei waliyoiweza.

Najua fundi huishi kwa oda, na saa anayopoteza kumwelekeza mgeni ni saa ya mkate wake. Ndiyo sababu napendekeza mgeni alipe kiasi kidogo apewe ubao, patasi na nusu saa ya mafunzo, na fedha hizo zimlipe kijana anayejifunza, ambaye kwa sasa hufanya kazi miezi mingi bila posho na mwishowe hukimbilia bodaboda. Mahali panapofaa ni uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, ambapo kila mgeni lazima apite.

Kipande changu cha shebeke kiko nyumbani. Fundi yeyote atakayetaka kukifungua na kukipima aulize Langoni, ataletwa.

Msomaji wenu,
Langoni, Lamu