Barua kwa vijana wa Kagera: tutumaini bila kumsingizia Mungu

Wajukuu zangu,

Bwana Yesu asifiwe.

Nawaandikia ninyi vijana wa kanisa mlio nyumbani, Bukoba, Muleba, Karagwe na Misenyi, na ninyi mlio Mwanza na Dar es Salaam mnaorudi kwa Krismasi na kwa misiba. Baadhi yenu mmeniuliza: ikiwa maisha haya ni ya kupita na uzima wa kweli uko mbele, ya nini kuhangaika na masomo, mashamba na nyumba? Wengine mmeniuliza kwa sauti ya chini zaidi: hayo ya mbinguni si maneno ya kuwatuliza wafiwa tu? Nayajibu yote mawili pamoja, maana naona shina lake ni moja. Tumaini mmelisikia zaidi msibani, tena nusu nusu, kwa maneno mepesi yanayosemwa haraka jeneza likiwa limeshateremshwa.

Mkoa wetu haukuhitaji mhubiri wa kuufundisha kuwa maisha ni mafupi. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligundulika hapa kwetu. Ugonjwa huo watu waliuita Juliana kabla ya kuujua vizuri, na uliwaacha bibi wengi wakilea wajukuu kwa jembe la mkono. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitetemeka, nyumba zikaanguka juu ya wenye nyumba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 hawakutoka hai.

Lakini nataka nikae kidogo kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba, kwa kuwa hapo ndipo maneno yetu ya msibani yalipimwa. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa. Meli iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo ikaongeza abiria, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Iliruhusiwa kubeba abiria 430, ila waliokuwamo walizidi mno. Waliokufa ni mamia kwa mamia, na hesabu kamili haikupatikana, kwa sababu wengi walipanda bila kuandikwa popote. Waliopatikana walizikwa wengi pamoja pale Igoma, Mwanza. Ziko familia ambazo mpaka leo hazina kaburi la kupalilia kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na kwa Mhaya, ambaye hulala kati ya migomba ya baba zake, hilo ni jeraha lisilofunga.

Katika msiba ule nako ilisemwa: kazi ya Mungu haina makosa. Wajukuu zangu, kazi ya Mungu kweli haina makosa. Lakini kujaza watu kwenye meli kupita uwezo wake si kazi ya Mungu, ni kazi ya binadamu, na ina makosa. Tukimpa Mungu lawama ya uzembe wetu tunamkosea mara mbili: tunamsingizia, na tunawaachia wazembe waendelee. Leo pikipiki inapakia watu wanne usiku bila taa, kijana anakufa, na makaburini tunasikia kwamba sisi tulimpenda ila Mungu kampenda zaidi. Mama yake anasimama pale anasikia kwamba Mungu ndiye aliyemchukua mwanawe kwa kumtamani. Nani atamtumaini Mungu wa namna hiyo?

Biblia haisemi hivyo. Paulo anakiita kifo adui: "Adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti." Adui hapambwi, wala hashukuriwi. Na Bwana wetu alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro, akijua kwamba dakika chache baadaye atamwita atoke, hakuwaambia Mariamu na Martha wanyamaze. Alilia machozi. Basi anayewaambia wafiwa kuwa kulia ni kukosa imani, mwambieni asome Yohana 11 mpaka mwisho. Kwa Wathesalonike nako Paulo hakuzuia huzuni. Alizuia kuhuzunika kama wasio na matumaini, na hilo ni jambo lingine kabisa. Nimewazika wazazi wangu, ndugu na watoto wa ndugu, nikalia kila mara, na sijawahi kuona kwamba machozi yalinipunguzia imani hata kidogo.

Tumaini letu linasimama juu ya jambo moja: Yesu alikufa kweli, akazikwa, siku ya tatu akafufuka na mwili wake, wenye alama za misumari. Kama halikutokea, Paulo mwenyewe anakiri kuwa imani yetu ni bure, na ninyi mnaouliza kwa sauti ya chini mngekuwa na haki ya kuondoka. Kama lilitokea, kifo kimeshapata pigo, na Igoma pataamka, na wale wa ziwani wasio na kaburi wataitwa kwa majina. Mimi naamini lilitokea. Nimeishi na imani hiyo katika miaka ambayo sikuwa na kitu kingine cha kushika.

Sasa ninyi wa swali la kwanza. Katika 1 Wakorintho 15 Paulo anaeleza ufufuo kwa aya nyingi, halafu aya ya mwisho, ya 58, anawaambia wazidi kutenda kazi, kwa kuwa taabu yao si bure. Hasemi wakae wakingoja. Wavuvi waliopiga makasia kuifuata ile ndege mwaka 2022 hawakusema maisha ni ya kupita. Watu 24 walitoka hai siku ile.

Yapo mambo ambayo kweli hatuna haja ya kuyakumbatia. Waebrania 13:14 yasema, "Maana hapa hatuna mji udumuo, bali twautafuta ule ujao." Tunauimba mji huo vizuri sana, kisha kabla matanga hayajaanuliwa, kaka za marehemu wanapima kibanja kwa hatua na mjane anaambiwa arudi kwao. Fedha zinapatikana za kuweka marumaru kaburini, ada za watoto wa marehemu hazipatikani. Hata Kardinali Rugambwa wetu, aliyefariki mwaka 1997 akazikwa Kashozi, mwaka 2012 alihamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba. Kaburi si makao ya kudumu hata kwa mkubwa, tusiligharimie kuliko walio hai.

Kuhusu ardhi, jueni pia sheria. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo ana haki ya kuliuza kama mwanamume. Mila iliyomnyima haki hiyo ilionekana kupingana na Katiba. Atakayewaambia kuwa dada yenu au mama yenu hana neno juu ya kibanja, mjibuni kwa heshima, lakini mjibuni.

Tena nawaomba, hata ninyi wa miaka 25 mnaoona jambo hili ni la wazee: andikeni wosia. Kuuandika si kujitabiria. Mtu anayejua anakokwenda haogopi kupanga atakavyoondoka. Wekeni wazi mke anabaki na nini, watoto wanabaki na nani, deni la nani halijalipwa, na msiweke shahidi mmoja tu. Unaweza kuutunza RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, na mchungaji ajue kwamba upo. Mlio na wake bila ndoa iliyosajiliwa, anzeni na hilo kwanza.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.

Ni mimi babu yenu,
mzee wa kanisa, Bukoba